Mtoto wa Kibera atahiniwe kwa lugha gani?

Mwulize mtoto wa Gredi ya Tano pale Laini Saba, Kibera, humusi ni nini. Atakujibu bila kusita: sehemu moja ya tano. Mwulize sudusi, subui, thumuni na tusui, atakuimbia zote hadi ushuri. Amefunzwa akisami katika somo la Kiswahili, na amefunzwa kwa bidii kwa sababu mtihani huuliza. Sasa mpe hesabu ndogo. Mwuza nafaka ana gorogoro 15 za mahindi, ameuza humusi mbili, zimebaki ngapi? Hapo huenda akakukodolea macho. Si ati hesabu imemshinda. Ni kwamba hajawahi hata siku moja kulitumia neno humusi kufanya hesabu. Kwake, humusi ni msamiati wa kujibia maswali ya Kiswahili, nayo hesabu ni kitu kinachofanywa kwa Kiingereza. Ukimpa swali lilo hilo kwa Kiingereza, ataanza kwa kupigana na sentensi kabla hajazifikia namba.

Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia, na historia yenyewe kwa kiasi kikubwa ni historia ya mitihani. Mitaala yetu imesema mengi mazuri kuhusu lugha za watoto, lakini mtoto, mwalimu na mzazi hawasomi mtaala. Wao husoma karatasi ya mtihani. Kinachotahiniwa hufunzwa, kisichotahiniwa huachiwa wageni na sherehe za kufunga muhula.

Mjadala wa kuwatahini watoto kwa lugha zao huibuka nchini kila baada ya miaka michache, na kila mara huzama mahali pamoja. Lugha gani? Kenya ina lugha zaidi ya 40. Je, tutatunga mitihani arobaini? Tutapata wapi wasahihishaji? Hayo ni maswali mazito ukiwa Turkana au Kwale. Lakini nadhani Kibera na Kawangware zinatupa jibu ambalo tumelikanyaga kwa miaka mingi bila kuinama kuliokota.

Tuanze na mitaa yenyewe. Wakazi wa kwanza wa Kibera tunayoijua walikuwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, ambao wakoloni waliwapa makao karibu na uwanja wa mazoezi ya kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20. Wao walipaita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kinubi ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu na ingali hai hadi leo katika nyumba za Makina, ila haijawahi kuonekana katika karatasi yoyote ya mtihani wa kitaifa. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto Wanubi, ikiwemo haki ya uraia na ya elimu. Hati ya ardhi ya ekari 288 jamii hiyo iliipata mwaka 2017 tu. Kando ya Wanubi walikuja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo, nacho Kiswahili, kilichokuwa pia lugha ya kazi jeshini, kikawa daraja la wote.

Kawangware ina asili nyingine. Hapo palikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, nje ya mji, hadi mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa wakati wa uhuru. Wenye ploti wengi wamebaki Wakikuyu. Wapangaji wengi wametoka Magharibi, hasa Waluhya, na sehemu nyinginezo za nchi. Mwenye nyumba na mpangaji wanapogombania kodi au maji, wanagombana kwa Kiswahili.

Chukua basi mtoto aliyezaliwa Gatina. Baba ametoka Vihiga, mama ametoka Kitui. Jirani wa kulia ni wa Homa Bay, wa kushoto ni wa Murang'a. Shuleni anajazishwa fomu yenye mstari wa "lugha ya mama" na mwalimu anaandika Kimaragoli kwa kuangalia jina la ukoo. Kumbe mtoto mwenyewe anajua Kimaragoli cha salamu tu, na Kikamba cha kukaripiwa. Lugha anayoota nayo usiku ni Kiswahili, kile cha Nairobi kilichochanganyika na Sheng. Wanaisimu hutofautisha lugha ya mama na lugha ya kwanza, na sijaona mahali ambapo tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko hapa.

Serikali yenyewe ililiona jambo hilo zamani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa zaidi katika eneo la shule, na tangu hapo imeeleweka kwamba mijini, ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo ni Kiswahili. Sera ya baadaye, pamoja na Waraka wa Bunge Nambari 14 wa 2012, imerudia wazo hilo. Kwa hivyo suala la lugha ya Kibera na Kawangware lilikwisha kuamuliwa kwenye karatasi za sera. Tatizo liko kwenye karatasi za mtihani.

Hebu turudi nyuma zaidi. Wengi hawajui kwamba katika Kenya ya kikoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya mtihani mkali sana, ila watahiniwa walikuwa Wazungu. Afisa wa utawala au wa jeshi aliyeletwa Afrika Mashariki alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na maendeleo yake kazini yalitegemea matokeo hayo. Serikali ilijua kwamba ukitaka mtu ajifunze lugha kikweli, mtahini, kisha ufungamanishe mtihani na mshahara. Mwafrika aliyetaka kupanda ngazi naye alitahiniwa kwa Kiingereza. Kila upande ulipimwa kwa lugha ya mwenziwe, lakini upande mmoja tu ndio uliopoteza shule ukianguka.

Mapendekezo ya awali kuhusu shule hayakuwa mabaya. Mkutano wa wamishenari uliofanyika Nairobi mwaka 1909 ulitaka lugha ya mama itumike madarasa matatu ya kwanza, Kiswahili kifuate, kisha Kiingereza. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilisisitiza lugha za mama na Kiingereza, ikakisukuma Kiswahili pembeni isipokuwa mahali kilipokuwa lugha ya wenyeji. Lakini ngazi za kupandia zilitengenezwa kwa Kiingereza. Baada ya Ripoti ya Beecher ya 1949, mtoto Mwafrika alichujwa mara mbili, baada ya miaka minne na tena baada ya miaka minane, na mchujo wa pili ndio uliokuwa mtihani wa KAPE. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuzikomboa akili zetu kutoka ukoloni, anamkumbuka mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyefanya vizuri mno katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa kuanguka somo hilo moja, aliangushwa mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, aliyekuwa na alama za wastani kwingineko lakini nzuri katika Kiingereza, alipata nafasi Alliance. Sioni haja ya kuongeza chumvi juu ya kisa hicho.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Kiingereza kililazimishwa tu kutoka juu. Baada ya mzozo wa mwaka 1929 kati ya wamishenari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, kuliibuka shule huru, zile za Karing'a zikiwa na nguvu kusini mwa Kiambu, upande uo huo wa Dagoretti. Viongozi wake walidai Kiingereza kianze mapema. Walishuku kwamba lugha ya mama katika madarasa ya chini ilikuwa mbinu ya kumfungia Mwafrika jikoni. Shuku yao ilikuwa na msingi, maana serikali iliyohimiza lugha ya mama ndiyo iliyoweka Kiingereza kuwa mlinzi wa lango. Mzazi wa Kawangware wa leo anayetoa pesa za chakula alipe karo ya shule inayojigamba kwa Kiingereza tangu chekechea si mjinga wala mtumwa wa kasumba. Anarithi hesabu iliyopigwa na babu zake, na mpaka leo hesabu hiyo haijabadilika.

Mwaka 1957 Wizara ya Elimu ilianzisha Kituo Maalum jijini Nairobi, na mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ikajaribiwa kwanza katika shule za watoto wa Kihindi. Baadaye ilisambazwa kwa Waafrika kwa kasi kubwa. Tume ya Ominde ya 1964 iliibariki: Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, Kiswahili kiwe somo la lazima, lugha ya mama ipewe kipindi cha hadithi. Neno "lazima" hapo lilikuwa pambo, maana somo lenyewe halikutahiniwa.

Mimi ni zao la enzi hizo. Mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na ile ya maarifa ya jumla iliyokusanya sayansi, historia na jiografia. Alama za juu kabisa zilikuwa 36. Kiswahili hakikuwapo. Kilikuwa kwenye ratiba, naam, lakini muhula wa tatu ulipofika vipindi vyake viligeuka kuwa vya hesabu, na hakuna mzazi aliyelalamika. Serikali pia ilikuwa imechapisha vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha nyingi za Kenya. Vilikuwa vitabu vizuri. Walimu waliviweka kabatini, kwa sababu CPE haikuwahi kuuliza swali hata moja kutoka humo.

Gachathi alipendekeza Kiswahili kitahiniwe, pendekezo likalala. Ilibidi ije Ripoti ya Mackay ya 1981 na mfumo wa 8-4-4. Mwaka 1985 mtihani wa kwanza wa KCPE ulipofanywa, Kiswahili kilikuwa na karatasi yake, ya lazima kwa kila mtoto isipokuwa watahiniwa viziwi, ambao baadaye walipewa Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake.

Wasomaji vijana hawawezi kujua mabadiliko yaliyoletwa na uamuzi huo mmoja. Walimu waliokwepa kipindi cha Kiswahili walianza kukitafuta. Wachapishaji ambao hawakuwa na kitabu cha sarufi cha darasa la sita walijikuta wakishindana. Vyuo vya ualimu na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zilipata wanafunzi, na kizazi kizima cha waandishi, watangazaji na, niseme ukweli, maprofesa wa Kiswahili kilipata riziki. Wazazi waliosema Kiswahili ni lugha ya sokoni walianza kuwaajiri walimu wa ziada wa insha. Hakuna kampeni ya uzalendo, wimbo wala hotuba iliyokuwa imefanya hivyo kwa miaka 20 ya uhuru. Mtihani ulifanya kwa muhula mmoja.

Lakini 1985 ilisimama katikati ya njia. Kiswahili kiliingia katika chumba cha mtihani kama somo, hakikuingia kama lugha ya kuulizia mambo mengine. Hisabati, Sayansi, Jiografia na Historia viliendelea kuulizwa kwa Kiingereza tupu. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili chetu cha shuleni kiligeuka kuwa ghala la maneno ya kukariri: majina ya makundi, malipo, vitawe, na hizo akisami. Mtoto alijua kwamba kundi la nyuki ni bumba, lakini hakuombwa kueleza kwa Kiswahili jinsi nyuki anavyochavusha ua. Tuliwafanya watoto wa Nairobi kuwa mabingwa wa Kiswahili kisichofanya kazi yoyote.

Mwaka 2003 serikali ya Narc ilipoondoa karo katika shule za msingi, jambo hili lilipata sura nyingine. Shule ya Msingi ya Olympic, Kibera, iliyokuwa ikisifika kwa matokeo ya KCPE, ilifurika wanafunzi. Wakati huo huo James Tooley na wenzake walizihesabu shule 76 za watu binafsi katika Kibera pekee, nyingi za mabati na udongo, zikilipisha karo ndogo kwa wazazi maskini. Shule hizo, pamoja na dada zake za Kawangware, zilihitaji kitu cha kuwavutia wazazi, na kivutio cha kwanza kilikuwa Kiingereza. Mwalimu ambaye mwenyewe Kiingereza kinampiga chenga alilazimika kufundishia sayansi kwa lugha hiyo. Ukiketi nyuma ya darasa kama hilo utamsikia akisoma sentensi ubaoni, watoto wakiitikia kwa sauti moja, kisha anageuka, anashusha pumzi na kueleza maana halisi kwa Kiswahili. Hapo ndipo somo hufunzwa. Siku ya mtihani ile nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyoeleweka, haina mahali pa kuandikwa.

KCPE iliaga dunia mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi umeleta jina jipya, KPSEA, mtihani wa Gredi ya Sita uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na alama zake huchangia asilimia 20 ya tathmini inayoamua mtoto ataendelea vipi baada ya Gredi ya Tisa. Mtaala huu umerudisha lugha za kiasili katika Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, karatasi ya Hisabati ni ya Kiingereza. Ya Sayansi pia. Kwa hakika mtoto wa Silanga anaweza kwenda mahakamani akahojiwa kwa Kiswahili, akapanda cheo bungeni akatunga sheria kwa Kiswahili, lakini hawezi kutoa hesabu ya kugawanya kwa Kiswahili mbele ya Baraza la Mitihani.

Tunapoteza nini? Utafiti wa Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapima watoto zaidi ya 4,000 katika sehemu nne za Kenya, wakisoma Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Gikuyu. Ufahamu ulikuwa hafifu katika lugha zote, lakini ulikuwa juu zaidi katika lugha za mama, na ilibainika kwamba kusoma kwa ufasaha hakumaanishi kuelewa kwa kiasi kile kile katika kila lugha. Mtoto anaweza kuteleza juu ya sentensi ya Kiingereza kama mtu anayesoma mabango ya matatu, asijue limesemwa nini. Karatasi ya hesabu ya Kiingereza humpima mtoto huyo mambo mawili kwa pamoja, kisha hutoa alama moja na kuiita Hisabati. Maneno madogo ndiyo huua. Mtoto akikutana na "respectively" mwishoni mwa swali refu, anaweza kuwa anajua kila kitu kingine na bado akaanguka.

Hapa itanibidi niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Jaribio la kufundisha kusoma kwa Kibukusu na Kikamba, lililofanywa Bungoma na Machakos na kuchunguzwa na Piper na wenzake wengine, liliwainua watoto katika lugha zao. Lakini halikuwapa faida ya ziada katika Kiingereza wala Kiswahili, na katika hesabu walibaki nyuma kidogo ya wenzao waliopata programu ya kawaida. Wanaopenda kauli nyepesi kuhusu lugha ya mama hupita kando ya matokeo hayo. Mimi nayasoma kama onyo kwamba lugha peke yake haifundishi. Inahitaji walimu, vitabu na muda wa kutosha darasani.

Vuka mpaka sasa uende Tanzania, mahali ambapo elimu ya msingi imetolewa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960. Katika upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2007, uliohusisha darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania ilipata wastani wa alama 578 katika kusoma, Kenya 543. Watoto wa Tanzania Bara walikuwa wakisoma Kiswahili, wetu Kiingereza. Katika hesabu Kenya iliitangulia Tanzania kwa kiasi kidogo sana, 557 kwa 553. Msomaji asikimbilie kusema Kiswahili kiliwashinda Wakenya. Kilichoonekana ni kwamba watoto waliofunzwa na kupimwa hesabu kwa Kiswahili walikuwa sawasawa na wetu tuliowanyima usingizi kwa Kiingereza, na katika kuelewa walichosoma walitupita mbali. Tanzania ina shida zake, hasa pale mtoto anapofika sekondari na kuangukiwa na Kiingereza ghafla, na huo ni mjadala wa siku nyingine.

Kinachonivutia zaidi Tanzania ni jambo dogo la kiutendaji. Baraza lao la mitihani, NECTA, hutoa mtihani wa darasa la saba katika matoleo mawili. Shule za Kiswahili hupata karatasi ya Hisabati ya Kiswahili, shule zinazofundishia Kiingereza hupata ya Kiingereza. Maswali ni ya kiwango kimoja, cheti ni kimoja. Wanaosema kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi hawana budi kutueleza kwa nini linawezekana Dodoma na lisiwezekane Nairobi.

Pingamizi zipo, na baadhi ninaziheshimu. Ya kwanza ni Sheng. Wapo watakaosema kwamba mtoto wa Kawangware hajui Kiswahili sanifu, kwa hivyo karatasi ya Kiswahili itakuwa ngeni kwake kama ya Kiingereza. Ni kweli kwamba neno "mtawalia" litamsumbua kama lile la Kiingereza linalotafsiriwa nalo. Lakini sarufi ya Sheng ni ya Kiswahili. Mtoto anayesema mbao kwa shilingi 20, finje kwa 50 na soo kwa 100 anagawa, anajumlisha na kurudisha chenji kila siku pale soko la Toi, katika sentensi ambazo kiunzi chake ni Kiswahili. Umbali kati ya lugha hiyo na Kiswahili cha mtihani ni hatua chache anazoweza kusaidiwa kuvuka. Umbali hadi Kiingereza ni mto.

Ya pili ni ya wale wanaosema, kwa nini Kiswahili na si Dholuo, Luluhya au Gikuyu? Hizo ndizo lugha za mama za kweli. Katika vijiji vya Siaya au Nyeri ningewaunga mkono. Kibera na Kawangware ni mahali pengine. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, watu waliuawa na nyumba kuchomwa Kibera, majirani wakatambuana kwa lugha. Oktoba 2017 Kawangware ilishuhudia vurugu za aina hiyo hiyo. Kuwagawa watoto wa darasa moja kwa karatasi tano za makabila, kila mmoja akiinua mkono kudai ya kwao, ni kucheza na kiberiti karibu na mafuta ya taa. Lugha hizo zifunzwe, zipendwe, zisomwe katika vitabu vyema. Mtihani wa hesabu wa mtaa huu uwe wa lugha ambayo watoto hao wanachezea mpira.

Ya tatu, na ndiyo inayoniumiza kichwa, ni mzazi. Akiambiwa kwamba mtoto wake atafanya Hisabati kwa Kiswahili huku wa Lavington, ng'ambo tu ya barabara, akifanya kwa Kiingereza, atauliza mnataka kumfungia mwanangu wapi. Atauliza swali la Karing'a. Ndiyo maana singependekeza karatasi ya Kiswahili ya lazima. Ningependekeza karatasi moja yenye maswali ya lugha zote mbili, ukurasa wa kushoto Kiingereza na wa kulia Kiswahili, kwa watoto wote wa Kenya, wa Lavington na wa Gatina. Anayetaka kusoma kushoto asome. Aliyekwama kwenye sentensi atupe jicho kulia. Hakuna anayetiwa alama wala kutengwa, na somo la Kiingereza litaendelea kutahiniwa kivyake kwa ukali ule ule, kwa sababu Kiingereza wanakihitaji na wazazi wao hawakosei kukitaka.

Mahali pa kuanzia si KPSEA yenyewe. Baraza la Mitihani hufanya tathmini ya Gredi ya Tatu ambayo haimpeleki mtoto shule yoyote wala kumzuia. Hapo ndipo pa kujaribu karatasi ya lugha mbili, katika shule za umma na zile za mabati za Kibera na Kawangware, kwa miaka miwili au mitatu, matokeo yalinganishwe swali kwa swali. Tutajua ni maswali gani watoto walianguka kwa sababu ya hesabu, na yapi kwa sababu ya sentensi. Istilahi tunazo, za kwetu na za vitabu vya Tanzania, ingawa kamati italazimika kukaa chini iamue kama tutasema mzingo au mzunguko. Kigumu zaidi kitakuwa ni walimu. Wote wamefunzwa kufundisha Hisabati kwa Kiingereza, na hata wale wanaoieleza kwa Kiswahili hufanya hivyo kwa kujiiba, mlango ukiwa umefungwa. Vyuo vya ualimu vitahitaji mihula kadhaa ya kuwazoeza kuifanya kazi hiyo hadharani, na sioni kwa nini mihula hiyo isihesabiwe kuanzia Januari.